Nundu ya Mguu: Kiatu na Kifuate Mguu, si Mguu Kiatu

Watu wa Dilolo wanajua thamani ya miguu. Mji wao uko mpakani, na ng'ambo yake ni Luau katika nchi ya Angola. Reli itokayo bandari ya Lobito iliunganishwa hapo na reli ya Katanga katika mwaka 1931. Walakini reli haimchukui mama kutoka nyumbani hata sokoni, wala haimfikishi mtoto shuleni. Safari hizo ni za miguu, na mara nyingi mzigo uko kichwani. Kwa hiyo mguu wa mama ukiuma, si yeye peke yake apatwaye na hasara: shamba hukosa mkono, soko hukosa mchuuzi, na watoto hupungukiwa chakula.

Miongoni mwa maumivu ya mguu liko moja ambalo watu huweza kulivumilia miaka mingi bila kujua sababu yake. Upande wa ndani wa mguu, penye shina la kidole gumba, hutokeza nundu. Mwanzoni ni ndogo, wala haiumi. Baadaye kiatu huisugua, ngozi yake huwa nene, hung'aa na kuvimba, na mtu akirudi nyumbani jioni hutamani kukitupa kiatu mbali. Kidole gumba nacho huanza kuwaegemea wenzake. Hata huenda kikapanda juu ya kidole cha pili, au kikalala chini yake.

Mmoja atasema kuwa ni mfupa mpya umeota. Mwingine atanong'ona kuwa amekanyaga dawa ya mtu mbaya njiani. Maneno hayo yote mawili si kweli. Sababu za nundu hii zinajulikana, na maumivu yake yanaweza kutulizwa. Tena yafaa tuzijue mapema, kwa kuwa kidole kikisha kupinda sana, hakuna mafuta wala kamba itakayokinyosha.

NUNDU HII NI KITU GANI?

Mguu mmoja, toka kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 26. Kidole gumba kina mifupa miwili; kila kidole kingine kina mitatu. Nyuma ya kidole gumba uko mfupa mrefu uendao hata katikati ya mguu. Hapo mfupa huo unapokutana na kidole ndipo penye kiungo tunachokisema leo.

Kiungo hicho kina kazi kubwa. Mtu akitembea, kisigino hugusa nchi kwanza, kisha uzito wa mwili husogea mbele, na mwisho kidole gumba huisukuma ardhi ili mwili uendelee. Jambo hilo hutendeka maelfu ya mara kila siku.

Basi, kiungo kikilegea au kikisukumwa vibaya siku zote, mfupa ule mrefu husogea polepole kuelekea mguu wa pili, na kidole chenyewe huinama kwa upande wa vidole vingine. Pale viwili hivyo vinapoachana, kichwa cha mfupa hutokeza. Kunja kiwiko chako ukitazame: pembe ile iliyotokeza si mfupa mpya, bali ni mfupa ule ule, umeonekana kwa sababu mkono umekunjwa. Ndivyo ilivyo nundu ya mguu. Juu yake kipo kifuko kidogo chenye majimaji, kazi yake kuikinga ngozi na mfupa visikwaruzane. Kiatu kikikisugua, kifuko hicho huvimba na kuuma.

Liko na jambo la pili. Kidole huvutwa na kano, ambazo ni kama kamba. Kidole kikiwa sawa, kano hupita katikati na kukivuta sawasawa. Kikisha kupinda, kano hupita pembeni, kama upote wa upinde, na kila hatua hukipindisha zaidi. Ndiyo maana nundu hii hairudi yenyewe, nayo huendelea kidogo kidogo mwaka hata mwaka.

Waganga wa mifupa hupiga picha ya mionzi na kuipima pembe iliyopo kati ya kidole gumba na mfupa wake mrefu. Pembe ikizidi nyuzi 15, huhesabu kuwa ni ugonjwa. Ikizidi nyuzi 40, kidole kimepinda vibaya sana. Lakini ukubwa wa nundu na ukubwa wa maumivu si kitu kimoja. Yuko mwenye nundu kubwa asiyeona taabu, na yuko mwenye ndogo asiyeweza kuvaa kiatu.

JE, KIATU NDICHO MKOSAJI?

Katika mwaka 1958 waganga wawili wa Hong Kong, Lam Sim-Fook na Hodgson, walitangaza matokeo ya kazi yao. Walitazama miguu ya watu 118 waliozoea viatu, na ya watu 107 waliokaa katika mashua bila kuvaa viatu. Wote walikuwa Wachina. Kati ya wavaao viatu, asilimia 33 walikuwa na kidole kilichopinda. Kati ya wasiovaa, hawakufika hata asilimia 2.

Katika mwaka 1965 mganga mwingine, jina lake Shine, aliandika juu ya watu wa kisiwa cha Saint Helena, kilicho baharini upande wa magharibi wa Angola. Huko wengine walivaa viatu, wengine hawakuvaa. Kwa wasiovaa, wenye kidole kilichopinda walikuwa asilimia 2. Kwa wale waliovaa viatu zaidi ya miaka 60, wanaume walikuwa asilimia 16, na wanawake asilimia 48. Tazameni tofauti hiyo! Kisiwa ni kimoja, lakini viatu vya wanawake si kama vya wanaume.

Hata mifupa ya wafu imetoa ushahidi. Katika mwaka 2021 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za mifupa ya watu 177 waliozikwa huko zamani. Waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13, wenye dalili za nundu walikuwa asilimia 6 tu. Waliozikwa katika karne ya 14 na ya 15 walikuwa asilimia 27. Kati ya nyakati hizo mbili, viatu vyenye pua ndefu iliyochongoka vilikuwa vimeenea. Watu maskini wa mashamba hawakupatwa sana; mjini walipatwa wengi zaidi. Na waliozidi wote ni wale waliozikwa katika nyumba ya watawa! Tena Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulikuwa umewakataza makleri kuvaa viatu vya namna hiyo. Twaona basi kwamba tamaa ya urembo wa kiatu si jambo la vijana wa leo peke yao. Wataalamu hao waliona tena kuwa wazee wenye nundu walikuwa na mifupa iliyovunjika, kama ya watu walioanguka, kuliko wazee wenzao. Mguu uliopinda haumshiki mtu vema.

Walakini tusikisingizie kiatu mambo yote. Hata kati ya wasiovaa viatu walikuwapo wachache wenye nundu. Sababu ya kwanza ni urithi: watoto hawarithi nundu yenyewe, bali hurithi umbo la mguu na ulegevu wa kano. Magonjwa ya viungo, kama baridi yabisi, nayo huweza kukipindisha kidole. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, na wazee kuliko vijana. Tuseme hivi: urithi huandaa shamba, na kiatu kibaya hupanda mbegu. Mtu hawezi kubadili mguu aliozaliwa nao, lakini kiatu aweza kukibadili.

BASI, TUTEMBEE BILA VIATU?

La, hasha. Katika mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazili, ilifika Ambriz katika pwani ya Angola, na ndani yake walikuwamo funza. Wadudu hao waliingia katika miguu ya wapagazi, wakafuata njia za misafara hata ndani ya Kongo. Kabla ya kwisha karne ile walikuwa wamefika pwani ya mashariki. Miguu mitupu ndiyo iliyowasafirisha kutoka bahari hata bahari. Tena minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo penye udongo uliochafuka, na pepopunda huingia kwa jeraha dogo la msumari au mwiba.

Kiatu ni ngao ya mguu. Lakini ngao imbanayo askari ni adui wa pili. Tutafute kiatu kifuatacho umbo la mguu, wala tusiulazimishe mguu kufuata umbo la kiatu.

NAMNA YA KUPIMA KIATU

Hapa wanafunzi wanaweza kuwasaidia wazazi wao. Chukueni karatasi na kalamu. Mpimeni mtu saa za jioni, kwa kuwa wakati huo mguu umevimba kidogo. Asimame wima, uzito wake uwe juu ya miguu yote miwili. Chora kuuzunguka mguu, kalamu ikiwa imesimama. Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake; kiatu huchaguliwa kwa ule mkubwa. Kata karatasi, kisha iweke juu ya soli ya kiatu. Ikiwa karatasi inazidi soli pande zote, hasa penye kidole gumba, kiatu hicho si chako, hata kikiwa kizuri namna gani na bei yake rahisi.

Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja cha mkono, yaani kama sentimita 1. Vidole viweze kunyoka na kucheza. Pua ya kiatu iwe pana, isichongoke. Kamba au ukanda ni bora, kwa kuwa hukishika kiatu katikati ya mguu, na vidole havihitaji kukibana. Viatu vya mchuchumio husukuma uzito wote mbele na kuvisonga vidole penye pua. Mwenye kuvipenda avivae kwa saa chache, si kwa safari ya sokoni wala kwa kusimama darasani siku nzima.

Mtumba nao una hatari yake. Kiatu kilichovaliwa na mtu mwingine kimekwisha kupokea umbo la mguu wake. Tia mkono ndani, papasa soli na ubavu. Kama kimelala upande mmoja, kiache.

Kwa watoto yafaa uangalifu zaidi. Mifupa yao bado ni laini, tena haisemi. Mguu wa mtoto hukubali kubanwa bila kulia sana. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Neno hilo ni jema kwa malezi, lakini kwa mguu ni onyo. Mzazi anayemvisha mtoto viatu vya mwaka jana ili apendeze siku ya sikukuu anaukunja mguu ungali mbichi. Pima miguu ya watoto kila baada ya miezi mitatu au minne. Kama fedha hazitoshi kiatu kipya, ndara imara iliyo pana na yenye ukanda nyuma ni bora kuliko kiatu cha ngozi kimbanacho.

Tuwakumbuke na wanaume wa kazi. Katika migodi ya Kolwezi na penginepo, wafanyakazi huvaa viatu vizito vyenye chuma puani. Chuma hakitanuki kama ngozi. Kikigusa nundu leo, kitaigusa kesho na mwaka ujao. Mfanyakazi asikikate kiatu hicho wala asikivue kazini, maana kinamwokoa na jiwe liangukalo. Amwendee msimamizi wake mapema, aombe kiatu kipana zaidi. Na avaaye mabuti ya mpira achague yasiyombana, avae soksi nene, na akimaliza kazi ayavue ili mguu upumue.

TIBA YA NYUMBANI

Aliye na nundu tayari asikate tamaa. Maumivu mengi hupungua kwa mambo madogo yafanywayo kila siku.

Kwanza, abadili kiatu. Hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote. Kiatu cha ngozi kinaweza kupelekwa kwa fundi, naye akitanue penye nundu kwa kigogo kilichochongwa mfano wa mguu.

Pili, aikinge nundu na msuguano. Akate kipande cha sponji au kitambaa kinene, atoboe tundu katikati kama pete, na nundu ikae ndani ya tundu hilo. Asiweke kitambaa kinene juu ya nundu yenyewe ndani ya kiatu chembamba, kwani ataizidishia mbano.

Tatu, ikivimba, apumzike, ainue mguu juu ya kiti, na aweke barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 10 au 15. Pasipo barafu, kitambaa cha maji baridi chafaa.

Nne, vidonge vya paracetamol hutuliza maumivu, kwa kipimo kilichoandikwa. Vidonge vya ibuprofen huondoa na uvimbe, lakini si vya kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wasivimeze bila shauri la mganga.

Tano, auzoeze mguu. Jioni akikaa, akishike kidole gumba na kukinyosha taratibu mara kadhaa. Kisha atandike kitambaa chini na kukivuta kwa vidole vya miguu. Mazoezi haya hayanyoshi kidole kilichopinda, lakini husaidia kiungo kisikakamae. Vivyo hivyo vifaa viuzwavyo vya kukivuta kidole usiku: huweza kumpa mtu nafuu, lakini kidole kilichopinda havikirudishi mahali pake. Anayeahidi hivyo anatafuta fedha yako.

Na liko katazo moja kubwa: msiikate nundu kwa wembe, wala msiichome, wala msiitumbue. Ndani yake hamna usaha wala uchafu wa kutolewa. Mna mfupa na kiungo. Jeraha likiingia kiungoni, mtu aweza kuupoteza mguu aliotaka kuuponya.

WAKATI WA KUMWENDEA MGANGA

Si kila uvimbe wa mahali hapo ni nundu hii. Uvimbe ujao ghafula usiku, wenye moto na maumivu makali hata shuka haivumiliki, huenda ukawa jongo, nayo ina dawa yake nyingine. Uvimbe wenye homa, au jeraha litoalo usaha, hautaki kungoja kesho. Mwenye ugonjwa wa sukari ajihadhari kuliko wote, kwa sababu miguu yake huweza kupoteza hisia. Kiatu humla asijue, hata kidonda kikawa kikubwa. Yeye ajitazame miguu kila siku, na akiona mchubuko tu juu ya nundu aende zahanati. Vilevile mtu aonaye ganzi, au mabaka yasiyo na hisia katika ngozi, achunguzwe ukoma, ambao unapona kwa dawa ukitibiwa mapema.

Na upasuaji je? Upo, nao umewasaidia wengi. Mganga hukata mfupa ule mrefu, huusogeza mahali pake, huufunga kwa skurubu ndogo, na kuzisawazisha kano. Si kazi ya kuparuza nundu tu. Baada yake mgonjwa hutembea kwa uangalifu, kwa kiatu maalumu, yapata majuma 6, na uvimbe huweza kukaa miezi mingi. Kwa wengine kidole hupinda tena baadaye. Kwa hiyo waganga hawaufanyi ili mguu upendeze, bali kwa yule ambaye maumivu yanamzuia kutembea na kufanya kazi, na viatu vipana havikumfaa. Kazi hii yataka mganga wa mifupa na chumba safi cha upasuaji. Kutoka Dilolo mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400 kwa njia ya reli. Nauli, gharama za hospitali na siku za kukaa bila kazi ni mzigo mzito kwa jamaa. Yafaa mtu aulize yote hayo kwanza, ajue nani atalima na nani atapika wakati yeye amekaa.

Tazameni basi tofauti. Upande mmoja ni karatasi, kalamu na dakika tano za kumpima mtoto kabla ya kumnunulia kiatu. Upande wa pili ni safari ndefu, kisu cha mganga na majuma ya kukaa. Wahenga wetu walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ya leo, wazazi, itazameni miguu ya watoto wenu na viatu vyao vilivyo mlangoni. Nanyi wanafunzi, mpimeni mama yenu, maana huenda ni miaka mingi hajaulizwa kama kiatu chake kinambana.